Sheria na Adabu katika Ramani Zilizojengwa na Wachezaji

Historia ya sheria imezoea kuanza na ardhi. Watu hukaa mahali pamoja, hulima, hujenga, hugombana juu ya mpaka au kisima, kisha huweka masharti ya ujirani ili ugomvi ule usirudi. Katika makala haya nakusudia kueleza jinsi masharti ya namna hiyo yalivyozuka katika nchi isiyo na udongo wala maji, yaani katika ramani za michezo ya kompyuta, na hasa ramani zile ambazo hazikujengwa na wenye mchezo bali zilijengwa na wachezaji wenyewe. Yamkini msomaji ataona kwamba jambo la mchezo halistahili kurasa za wanazuoni. Namwomba astahimili kidogo. Si mara nyingi mwanafunzi wa historia hupata bahati ya kuitazama jamii moja ikizaliwa, ikijiwekea desturi, ikizivunja desturi zake, ikitunga sheria, na ikishindwa na sheria hizo, yote katika muda wa miaka sita tu, na wakazi wake wakiwa hawana njia ya kutenda lolote ila kwa maandishi.

Neno ramani lahitaji maelezo kabla ya kwenda mbele. Katika matumizi ya kila siku ramani ni picha ya nchi iliyochorwa juu ya karatasi. Nchi ni kitu kimoja na ramani yake ni kitu kingine. Katika lugha ya wachezaji sivyo. Kwao ramani ndiyo nchi yenyewe: ndiyo vyumba, njia, milango, mito na ngome ambamo mchezo huchezwa. Achoraye mlango amejenga mlango, na afutaye ukuta amebomoa ukuta. Kwa hiyo mtengenezaji wa ramani ni mchoraji na mwashi kwa wakati mmoja, na ugomvi juu ya ramani una uzito wa ugomvi juu ya nyumba.

Swali linalopita katika historia yote hii ni moja. Pale ambapo nchi imejengwa na wakazi, lakini ufunguo wa nchi umo mkononi mwa mtu mwingine, ni nani mwenye haki ya kuhukumu mwenendo wa wakazi, na ni nani atakayejibu hukumu ile ikiwa mbaya? Nitaonyesha kwamba jibu lilitegemea sana namna ramani ilivyoshirikiwa. Watu walipokaa wote katika ramani moja, adabu peke yake haikutosha, ilihitaji hakimu. Kila mtu alipokuwa na nakala yake, adabu ilitosha kwa sehemu kubwa. Na mwenye ufunguo alipojitangaza kuwa ndiye mwenye mali yote, wakazi walibaki na sheria nyingi na haki chache.

Tuanze na asili. Mwaka wa 1978, katika Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, mwanafunzi mmoja jina lake Roy Trubshaw alianza kutunga mchezo ulioitwa MUD, na baadaye kazi hiyo ikaendelezwa na mwenziwe Richard Bartle. Mchezo ule haukuwa na picha hata moja. Mchezaji aliandika kwamba anakwenda kaskazini, na mashine ikamjibu kwa maneno, ikimweleza mahali alipofika na watu aliowakuta. Ramani ilikuwa kazi ya watungaji. Mchezaji alikuwa msafiri tu ndani yake. Walakini aliyejikusanyia alama za kutosha alipandishwa cheo akapewa nguvu zipitazo za wenziwe. Jina la cheo hicho kwa Kiingereza ni la mtu ajuaye uchawi. Lakini mchawi katika lugha yetu ni mtu wa shari afanyaye kazi yake gizani, nami sitaki kuwahukumu watu kwa jina kabla ya kuwahukumu kwa matendo. Kwa hiyo nitawaita waganga. Mganga naye anajua siri za mambo, lakini mlango wake unajulikana na watu humwendea mchana.

Badiliko kubwa lilitokea mwaka wa 1989. James Aspnes wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, alitoa mchezo ulioitwa TinyMUD, akaondoa alama na mashindano, akampa kila mchezaji ruhusa ya kujenga. Mgeni aliyeingia asubuhi aliweza kuwa na nyumba jioni. Watu waliipokea ruhusa hiyo kama wakimbizi wanavyoipokea ardhi, wakajenga bila kipimo, vyumba juu ya vyumba, njia zisizo na mwisho, hata mashine ikaelemewa. Ramani ile ya kwanza haikutimiza mwaka mmoja. Hapo ndipo lilipopatikana fundisho la kwanza: nchi ambayo kila mtu aweza kujenga haiwezi kudumu ikiwa hapana mtu wa kupima ujenzi.

Fundisho hilo lilizingatiwa na Pavel Curtis, mtaalamu wa kituo cha utafiti cha kampuni ya Xerox huko Palo Alto, California. Mwaka wa 1990 alichukua programu iitwayo MOO, iliyotungwa na Stephen White, akaitengeneza upya na kuanzisha ramani iliyoitwa LambdaMOO, na mwaka wa 1991 akaitangaza kwa watu wote waliokuwa na njia ya kufika kwa intaneti. Ramani hiyo aliianza kwa kuandika mfano wa nyumba yake mwenyewe. Mgeni alizukia ndani ya kabati la makoti, mahali penye giza na msongamano. Akiufungua mlango hujikuta sebuleni miongoni mwa watu wanaozungumza. Kutoka sebule hiyo wachezaji walijenga vyumba, bustani, miji na vyombo vya ajabu, na kila aliyetaka kujifunza lugha ya programu ile aliweza kutengeneza kitu ambacho mwenye nyumba hakupata kukiwaza. Ili yasirudi ya TinyMUD, kila mjenzi alipewa kiasi cha nafasi, na aliyetaka zaidi alipeleka maombi mbele ya baraza la wachezaji wenzake lililokagua kazi yake na kuamua kama anastahili.

Pamoja na kipimo cha ujenzi ziliandikwa pia adabu za ukaaji. Adabu hizo ni kitu cha thamani kwa mwanahistoria, kwa sababu kila moja yaonyesha kosa lililokwisha kutendeka. Watu waliambiwa wawe wapole. Waliambiwa wasilipize kisasi, maana kisasi huongeza jeuri na kuwasumbua hata wasiohusika. Waliambiwa wakumbuke kwamba wenzao wametoka katika mila mbalimbali, na ajengaye chumba chenye mambo ya kuudhi aweke onyo mlangoni. Waliambiwa wasiwahamishe watu wala vitu vya watu bila ya idhini, wasiingie mahali kwa kunyemelea, wasipeleleze, wasipige kelele za kusikika na nchi nzima. Waliambiwa wasiichoshe mashine wakawanyima wengine nafasi. Hata namba ziliwekewa adabu: kila kitu kilichojengwa kilipewa namba na mashine, na wako watu waliotunga programu za kuumba vitu na kuviharibu mfululizo kusudi wapate namba ya kupendeza, nao wakaombwa waache.

Miongoni mwa adabu hizo ilikuwako moja ambayo ndiyo iliyokuja kuzaa matata yote: mtu asiseme kwa ulimi wa mwenziwe. Katika nchi ya maneno matupu, mtu ni yale maneno yanayoandikwa juu yake. Programu iliruhusu mjenzi hodari kutengeneza chombo kitakachowaandikia watu wote chumbani kwamba fulani amesema hili au ametenda lile, hali fulani mwenyewe hakusema wala hakutenda. Mashine haikuona kosa hapo, kwa kuwa kwa mashine neno ni neno. Kosa waliliona watu. Hii ndiyo tofauti kati ya adabu na ukuta: ukuta humzuia hata asiyetaka kuzuiwa, lakini adabu humzuia aliyekubali tu.

Kadiri wakazi walivyoongezeka mpaka wakawa maelfu, ndivyo mashtaka yalivyoongezeka mbele ya Curtis na waganga wenzake. Huyu amemtukana yule. Yule amejenga kitu cha kumwudhi huyu. Waganga walichoka. Mwezi wa Desemba 1992 Curtis alitoa tangazo kwamba jamii ile imekwisha kukua na yafaa ijitawale yenyewe. Waganga, kwa tangazo hilo, wangekuwa mafundi tu: wataitunza mashine na kuziba nyufa za programu, lakini hawataamua tena ugomvi wa watu. Nia ilikuwa njema, na huenda wengi wetu tungefanya vivyo hivyo. Mtu mmoja kuwa hakimu wa maelfu ni mzigo mzito, na mwenye nguvu anayetaka kuziacha nguvu zake si mtu wa kulaumiwa upesi. Lakini tazameni kilichoachwa nyuma. Tangazo liliondoa hakimu bila ya kuweka baraza. Uwezo wa kumfukuza mtu ulibaki mikononi mwa waganga peke yao, nao wakaapa kutoutumia.

Miezi mitatu baadaye, mwezi wa Machi 1993, usiku mmoja sebuleni, mchezaji aliyejiita Mr. Bungle alitumia chombo cha kusemea kwa ulimi wa wengine, akaandika juu ya wachezaji kadhaa, mbele ya watu, matendo ya ufisadi na ya kudhalilisha mwili, kana kwamba wameyatenda wenyewe. Wenye majina hayo walijaribu kumzuia wasiweze. Hakunyamazishwa mpaka mchezaji mmoja mwenyeji alipokuja na kumfungia katika kizuizi alichokuwa amekijenga. Mwandishi Julian Dibbell, aliyeieleza habari hii katika gazeti la The Village Voice mwezi wa Desemba mwaka ule ule, ameandika kwamba mmoja wa waliodhalilishwa alilia machozi ya kweli mbele ya kompyuta yake alipokuwa akiandika mashtaka.

Mjadala uliofuata ni wa kusomwa na kila mwanafunzi wa sheria. Wako waliosema kwamba hayo ni maneno tu, na asiyependa kuyasoma anayo amri ya kuziba masikio, nayo mashine haitamletea tena maneno ya mtu yule. Hoja hiyo haikuwa ya kipuuzi, lakini ilijibiwa vema: azibaye masikio yake hajaziba ya wengine, sebule nzima huendelea kusoma fedheha yake, na yeye peke yake ndiye asiyejua yanayosemwa. Wako waliodai Mr. Bungle afutwe, jambo lililoitwa kwa desturi ya michezo ile kumgeuza chura, maana zamani mganga alimwadhibu mkosaji kwa kumpa sura ya chura, na baadaye neno likabaki kwa adhabu ya kufutwa kabisa. Wako pia waliouliza swali gumu kuliko yote: kwa sheria ipi? Adabu zilikataza tendo lile, lakini hazikutaja adhabu wala hazikumtaja mwenye kuitoa. Siku ya tatu walikutana watu wapatao 30 katika chumba cha mmoja wao, wakajadiliana kwa saa nyingi. Mshtakiwa mwenyewe alifika akajibu kwa dharau. Mkutano ulikwisha bila ya uamuzi, kwa kuwa hapakuwa na aliyejua uamuzi hupitishwaje. Hapo mganga mmoja, aliyekuwako mkutanoni, alikwenda peke yake akamfuta Mr. Bungle.

Wengi walifurahi kwamba haki imetendeka, na huenda ilitendeka. Lakini ilitendeka kwa mkono wa mtu mmoja, kwa siri, baada ya waganga kuahidi kwamba hawatatenda. Wala adhabu yenyewe haikuwa nzito kama ilivyodhaniwa: baada ya muda si mrefu mtu yule, kwa ushahidi wa mwenendo wake, alirudi kwa jina jipya. Curtis aliporejea na kusoma yaliyopita, alitambua kwamba ameiachia jamii uhuru bila ya kuipa chombo cha kuutumia. Akaweka utaratibu wa maombi na kura. Mchezaji yeyote aliweza kuandika pendekezo. Likipata sahihi za kutosha lilipelekwa kwa waganga kukaguliwa kama lawezekana na halihatarishi mashine wala halivunji sheria za nchi. Kisha likapigiwa kura na wote, nalo halikupita ila kwa kura mbili za kukubali kwa kila moja ya kukataa. Kwa njia hiyo wakazi walijiundia mfumo wa usuluhishi, wakaweka wasuluhishi miongoni mwao, wakaanza kuandika sheria.

Wanazuoni walifurahishwa sana na jambo hilo. Jennifer Mnookin aliandika mwaka wa 1996 juu ya kuzaliwa kwa sheria katika LambdaMOO, na Lawrence Lessig aliitumia ramani hiyo kuwa mfano katika kitabu chake cha mwaka wa 1999, akisisitiza kwamba programu yenyewe ni namna ya sheria. Walakini ndani ya ramani hali haikuwa ya kufurahisha. Wapo waliogeuza usuluhishi kuwa silaha, wakashitakiana kwa sababu ya kushitakiana. Wapo walioona kila pendekezo ni njama. Na waganga wakagundua jambo ambalo nadhani ndilo kiini cha historia hii: kwamba hakuna kazi ya ufundi mtupu. Kuziba ufa fulani wa programu ni kumnyima mtu fulani chombo chake. Kuuacha ni kumpa mwingine silaha. Kumwongezea mtu nafasi, kumkatalia, kuchelewesha, hata kunyamaza, yote ni maamuzi juu ya watu. Mwezi wa Mei 1996 likatoka tangazo la pili, la kinyume na lile la kwanza: waganga hawataweza tena kujifanya kwamba wao ni mafundi tu, na watatenda pale watakapoona lazima, ijapokuwa tendo lao lagusa mambo ya jamii.

Watu wamezoea kuieleza habari hii kama kushindwa kwa demokrasia. Mimi naona somo lake ni tofauti kidogo. Kura haikushindwa kwa kuwa wakazi hawakuwa na akili. Ilishindwa kwa kuwa kila sheria waliyoipitisha ilihitaji mkono wa mganga ili itekelezwe. Desturi ni sheria, husema wazee, lakini desturi huwa sheria pale jirani awezapo kumwona jirani yake, kumtambua kesho, na kumkalisha kikao. Katika ramani ile mtu aliweza kufa leo na kuzaliwa kesho kwa jina jingine, na hakuna aliyejua nasaba yake ila mganga. Tangazo la mwaka wa 1992 halikuondoa mamlaka, liliyaficha tu. La mwaka wa 1996, pamoja na ukali wake, lilikuwa na ukweli zaidi, kwa kuwa lilimtaja mwenye mamlaka kwa jina, na mwenye jina huweza kuulizwa.

Ili tuone kwamba mambo hayakulazimika kuwa hivyo kila mahali, yafaa tutazame ramani za namna nyingine zilizotokea katika miaka ile ile. Mwezi wa Desemba 1993 kampuni ya id Software ya Marekani ilitoa mchezo wa Doom. Huu ulikuwa mchezo wa picha na mapigano, nao uliandikwa kwa namna ambayo ramani zake zilihifadhiwa katika faili mbali na programu yenyewe. Katika mwaka wa 1994 wachezaji walikuwa wamekwisha kupata vyombo vya kuchorea ramani zao wenyewe, na ramani hizo zikaenea upesi kwa intaneti. Kampuni haikukataza, iliomba tu kwamba zisifanye kazi katika nakala ile iliyogawiwa bure, bali katika nakala iliyonunuliwa, ili ukarimu wa wajenzi usiharibu biashara ya mwenye mchezo.

Hapa hapakuwa na mji mmoja. Kila mtu alikuwa na nakala yake katika kompyuta yake. Aliyeiharibu nakala aliyonayo hakutikisa nyumba ya jirani, na aliyechukizwa na ramani aliifuta akalala. Kwa hiyo adabu zilizozuka hazikuhusu kelele wala kunyemelea. Zilihusu heshima ya kazi. Kila ramani ilisafiri na waraka mdogo. Katika waraka huo mjenzi aliandika jina la ramani, jina lake, vyombo alivyotumia, watu aliopokea msaada kwao, na, jambo kubwa kuliko yote, kama anaruhusu au haruhusu wengine kuichukua ramani yake iwe msingi wa ramani nyingine, na kama yawezekana kugawiwa bila ya kubadilishwa. Waraka huo ulikuwa na mfano wake uliokwisha kuchapwa. Mjenzi alijaza nafasi zilizo wazi na kufuta neno lisilotakiwa.

Sheria gani iliyo fupi kuliko hiyo? Haina hakimu, haina kura, haina chura. Neno la mjenzi husafiri pamoja na kazi yake, na apokeaye kazi hupokea na neno. Wako walioivunja, wakatia majina yao juu ya kazi za watu. Lakini wasomaji walikuwa wengi na ramani za awali zilikuwamo katika ghala za pamoja, basi mwizi alijulikana kwa kulinganishwa. Watunza ghala waliweza kukataa kazi isiyo na waraka, na kukataa kwao kulikuwa adhabu ya kutosha, maana mjenzi hujenga ili aonekane.

Adabu hii nayo ilikuwa na mpaka wake. Mwaka wa 1995 kundi moja la wajenzi lilikuwa limeahidi kutoa bure mkusanyo mkubwa wa ramani; karibu kabisa na siku ya ahadi, kampuni ikaununua, na mwaka wa 1996 ukauzwa katika kifurushi kiitwacho Final Doom. Wajenzi hawakumnyang'anya mtu, kwa kuwa kazi ilikuwa yao; lakini wengi waliokuwa wakiingoja zawadi waliona wamesalitiwa. Waraka mdogo ulijua kumlinda mjenzi dhidi ya jirani. Haukuwa na neno juu ya siku ambayo fedha itabisha hodi.

Siku hiyo ilikuja kwa nguvu zaidi katika mchezo wa tatu. Mwaka wa 2002 kampuni ya Blizzard ilitoa Warcraft III, na pamoja na mchezo ikatoa chombo cha kujengea ramani. Mwaka wa 2003 mchezaji ajulikanaye kwa jina la Eul alitoa ramani aliyoiita Defense of the Ancients, au DotA. Yeye alipoacha, wengine waliichukua, wakaigeuza, wakaunganisha mashujaa wa ramani mbalimbali. Ikapita mikononi mwa Steve Feak, kisha kutoka mwaka wa 2005 mikononi mwa mwingine ajulikanaye kwa jina la IceFrog. Hapakuwa na hati ya urithi. Ramani ilikuwa kama ngoma ya mtaani: aliyeondoka aliacha mahali pake, na aliyeweza kuipiga akaipiga.

Adabu za DotA zilitoka katika umbo lake. Watu kumi hucheza, watano kwa watano, na mchezo huweza kuchukua muda unaokaribia saa nzima. Akiondoka mmoja katikati kwa sababu ameshindwa au amekasirika, kazi ya tisa imeharibika. Kwa hiyo kosa kubwa halikuwa tusi, ijapokuwa matusi hayakukosekana. Kosa kubwa lilikuwa kuondoka. Wenye kufungua michezo walitunza orodha za majina ya watoro, wakapeana, na aliyeandikwa humo alifungiwa mlango. Orodha hizo zilileta nidhamu, na pia zilileta dhuluma, maana jina liliingizwa na mtu mwenye hasira, na aliyekatikiwa na umeme aliandikwa pamoja na aliyetoroka. Hapana baraza la kukata rufani lililowafunga wenye orodha wote. Ndilo tatizo la LambdaMOO lililorudi kwa sura nyingine: adhabu iliyo nyepesi kutolewa na isiyo na mtu wa kuijibia.

Lakini tatizo kubwa lilikuwa juu zaidi. Ramani ile ilipata wachezaji wengi hata makampuni yakaigombania jina lake. Kampuni ya Valve ilimwajiri IceFrog na mwaka wa 2010 ikaomba jina la Dota liwe alama yake ya biashara, Blizzard ikapinga, mwezi wa Mei 2012 yakapatana, Valve ikabaki na jina katika biashara, na wachezaji wakaachiwa kulitumia katika ramani zisizouzwa. Mapatano hayo yalikuwa baina ya makampuni mawili. Wajenzi wengi walioigeuza ramani mwaka baada ya mwaka hawakuwa upande wowote wa meza.

Blizzard ilijifunza somo lake. Mwezi wa Januari 2020, ilipotoa toleo jipya la Warcraft III, iliandika upya masharti ya ramani za wachezaji. Humo zimo adabu ambazo mtu hana haja ya kuzipinga: mjenzi asiibe kazi ya mtu, asiweke mambo ya aibu wala ya chuki. Lakini pamoja na adabu hizo limo sharti kwamba kila mchezo utakaojengwa kwa chombo chake ni mali ya kampuni peke yake, na kwamba kampuni yaweza kuuondoa ipendapo. Yaani mjenzi anakatazwa kuchukua cha mwenziwe katika waraka ule ule unaochukua chake. Wengi walisema kwamba DotA nyingine haitaweza kuzaliwa chini ya sharti hilo, kwa sababu hakuna atakayepanda mti katika shamba ambalo hata kivuli si chake.

Tukizilinganisha hali hizi tatu, tunaona kwamba sheria za mwenendo hazishuki kutoka juu kama mvua inyeshayo sawasawa kila mahali. Hufuata umbo la nchi. Mahali ambapo wote wamo katika chumba kimoja na aweza mmoja kusema kwa ulimi wa mwingine, hapana budi awepo mwamuzi. Na mwamuzi huyo ajulikane, awe na mpaka, na hukumu yake iweze kuulizwa. Mahali ambapo kila mtu ana nakala yake, waraka wa nusu ukurasa wenye jina la mjenzi na idhini yake hufanya kazi ambayo kura za maelfu hazikuweza. Na mahali ambapo mwenye ufunguo ni kampuni, swali la adabu za wachezaji haliwezi kutengwa na swali la adabu za kampuni, kwa maana hiyo nayo ni mkazi wa ramani, tena mkazi ambaye hakuna wa kumgeuza chura.

Mintarafu ya Curtis, nadhani historia itamtendea wema. Alikosea mwaka wa 1992 kwa kudhani kwamba mwenye nguvu huweza kuziacha kwa tangazo. Lakini alikuwa tayari kutangaza mbele ya watu wake, mwaka wa 1993 na tena mwaka wa 1996, kwamba mambo yamekwenda kinyume, na kuueleza utaratibu mpya pamoja na sababu zake. Katika masharti mengi ambayo wachezaji wa siku hizi hutakiwa kuyakubali kabla ya kujenga hata ukuta mmoja, amri zimo, makatazo yamo, na adhabu zimo. Kitu kisichomo mara nyingi ni sababu, na jina la mtu wa kumwuliza. Wanafunzi watakaotaka kuchunguza sheria za ramani yoyote, na si ya mchezo peke yake, wangeanza vema kwa kutafuta vitu hivyo viwili.